Waya wa Shaba Katika Chungu cha Chumvi

Nilitoka eda siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 2022. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nilikwenda mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya marehemu mume wangu, nikiwa na zawadi: waya wa shaba uliozungushwa kama bangili kubwa, niliouchagua mwenyewe Kariakoo.

Karakana yetu hutengeneza mikasi ya mafundi cherehani kutokana na springi chakavu za malori. Bamba likishafuliwa na kutobolewa tundu la skrubu, huning'inizwa kwa waya uliopitishwa tunduni humo, ndani ya chungu cha chuma, katika chumvi iliyoyeyuka kwa moto mpaka ikang'aa rangi ya chungwa. Humo bamba hupata joto sawasawa bila kuguswa na hewa, kisha huzamishwa kwenye mafuta likawa gumu. Mume wangu alitumia waya wa chuma, na hakuacha kulalamika kwamba unaota kutu ukiwa bado umetundikwa ukutani. Shaba haioti kutu. Nikaona nimemtimizia haja yake. Fundi mkuu, rafiki yake wa ujanani, aliipokea zawadi kwa mikono miwili, akaomba dua, akaanza kuitumia.

Mwezi Juni mikasi ikaanza kurudi. Wa kwanza aliuleta fundi cherehani wa Mchikichini, mpunguza nguo za mitumba, ambaye hajapata kununua mkasi kwingine. Kuzunguka skrubu chuma kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo, vyenye wekundu hafifu pembeni, na mkasi ulikuwa ukichezacheza.

"Bi mkubwa, huu haukati," akaniambia. "Unatafuna kama mbuzi. Au mzee ameondoka na ufundi wake?"

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa kila mkasi umegongwa jina la mume wangu, na jina hilo ndilo lililokuwa likitafunwa. Nilimlaumu fundi mkuu kwa mkaa, nikamlaumu kwa chumvi, nikamlaumu kwa haraka. Yeye akarudi kwenye chungu chake.

Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu katika darasa la jioni la watu wazima, Mchafukoge, nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Alhamisi, tarehe 14 Julai, mwalimu wetu wa kemia, binti mdogo kuliko kitindamimba wangu, alizamisha msumari katika maji ya mrututu. Ulipotoka ulikuwa umevaa wekundu. Alieleza kwamba mrututu una shaba ndani yake, na kwamba chuma ni chepesi kulika na kuingia katika kimiminika kuliko shaba. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya kimiminika cha chumvi, chuma huliwa upesi na shaba husalimika. Nikauliza kama chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, isiyo na tone la maji, nayo hufanya hivyo. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba hufanya, tena kwa kasi zaidi.

Nilicheka mpaka darasa zima likageuka.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwomba fundi mkuu aning'inize mabamba mawili ya springi moja katika chungu kile kile, moja kwa shaba na jingine kwa waya wa chuma, ayaache mpaka karibu na swala. La shaba lilitoka limeliwa tunduni. La pili lilikuwa laini, halina hata kovu. Fundi hakushangaa, nami nikamuuliza kama alijua.

"Nilishuku tangu Mei, shemeji. Lakini mtu katoka eda jana, leo kaja na zawadi. Nitamwambiaje kwamba zawadi yake inakula mikasi? Nikasema labda chungu kitauzoea huo waya."

Katika ndoa ya miaka ishirini na tisa sikuwahi kukiri kosa. Siku ile nilikiri: "Kosa ni langu."

Akaniomba nirudie kwa sauti, ili marehemu naye asikie. Nikarudia, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Jumamosi, tarehe 30 Julai, nilipeleka mkasi mpya Mchikichini mwenyewe. Yule fundi cherehani alikunja suruali ya jinzi mara tatu, akaikata kwa mkupuo mmoja, akatazama jina lililogongwa kwenye chuma. Nilimsimulia habari yote, hata aliyeileta shaba. Akaniuliza darasa letu huanza saa ngapi.