Mshipa wa Hosea Pendry

Wachimbaji wa California tuna neno letu la mshipa wa dhahabu unaokonda kidogo kidogo mpaka ukapotea mwambani: tunasema umefanya Kipetro. Wapo wanaodai limetoka kwenye shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, ambayo jina lake kwa Kiingereza chetu nalo lina Petro ndani yake. Wengine wanamsingizia mtume Petro mwenyewe, aliyetembea juu ya maji hatua chache kisha akaanza kuzama. Kusoma hawajui, lakini kwenye asili ya maneno wote ni maprofesa. Siku hizi hata mahubiri na supu hufanya Kipetro.

Neno hilo lilipigwa marufuku kwenye pango moja tu la kuchimbia dhahabu, la jirani yangu Hosea Pendry. Mshipa wake ulianza mnene kama mkono, ukawa kidole, ukawa uzi. Hosea alisema umejificha tu, unavuta pumzi. Mkewe, Keziah, alikuwa amechoka kupika maharage na nyama ya chumvi akingoja mshipa umalize kupumua. Alitaka wahamie Oregon kwa dada yake, kwenye matufaha, kabla theluji haijafunga njia. Hosea akaapa kwamba siku pango likipata mnunuzi, wataondoka.

Mnunuzi akapatikana Sacramento; mji ule haujawahi kupungukiwa na wajinga wenye fedha. Keziah akafanya wafanyavyo wanaume wa hapa wanapotaka kumuuzia mgeni pango tupu. Alisugua dhahabu kwa tupa mpaka ikawa unga, akaushindilia kwenye bunduki ya marisau, akaufyatulia ukuta wa pango. Ukuta ukang'aa kama wa kanisa. Mlio niliusikia, nikanyamaza kwa kuheshimu kazi nzuri.

Balaa ni kwamba Hosea aliingia pangoni kabla ya mgeni. Alitoka akilia kwa furaha, unga wa dhahabu kiganjani, akamwambia yule mnunuzi akaibe kwingine, mshipa umerudi.

Keziah akamfuata ndani na mshumaa. Mimi nami nikafuata, kwani umbea haujui adabu. Akamwonyesha kidole kitupu.

"Hosea, huo si mshipa. Ni pete yangu ya ndoa. Niliisaga ili tuondoke."

Hosea akakitazama kidole, akautazama ukuta. Nilimwonea huruma, nikidhani sasa ameelewa.

"Pete nzima?"

"Nzima."

Akaokota sururu. "Basi nimulikie vizuri, mke wangu. Hapa nimetoa nusu ya pete tu."

Keziah akaukita mshumaa juu ya jiwe, akaenda Oregon.