Mpishi Aliyebaki Chomboni

Katika riwaya zote za safari za nyota nilizosoma ujanani, sikumwona mtu hata mmoja akiosha sufuria. Chombo kinapaa miaka mitatu angani, na ndani wamo makapteni na maprofesa watupu. Nani anapika? Nani anafagia? Mwandishi hasemi. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, enzi za Mwingereza, na nilijua kwamba hakuna mtambo unaokwenda bila watu wa kuuhangaikia. Jambo hilo liliniudhi katika kila kitabu, na kila kitabu nilikisoma mpaka mwisho.

Vilikuwa vitabu vya fundi mkuu wa mitambo, Mzungu asiyependa maneno. Akimaliza kimoja alikitupa stoo ndani ya kasha la misumari. Nilimwomba ruhusa mara moja tu, akaniambia nichukue vyote, hana haja navyo.

Kimoja kilihusu viumbe waliokuja kutuibia bahari kwa mabomba. Nilikisoma nimekunja uso. Kwetu ni Mazingara, Handeni, na nimekua nikimwona mama akifukua mchanga wa mto mkavu apate debe moja la maji. Katika kitabu kile bahari nzima imekwisha, lakini hakuna mtu aliyeshika ndoo! Watu wanakimbia na kupiga kelele tu. Kingine kilikuwa cha watu wanaoishi miaka elfu moja wakila vidonge badala ya chakula. Mwandishi huyo angemletea vidonge vyake mtu aliyekata mkonge tangu alfajiri, vingemrudia usoni. Na karibu vyote viliisha namna moja: chombo kinarudi, mama anamkumbatia mwanawe, basi. Miisho hiyo niliichukia. Kambini kwetu walikuwapo wanaume waliokuja kutoka mbali kwa mkataba mfupi, wakazeekea hapo hapo, na mama zao hawakuwaona tena.

Karatasi ilikuwa adimu kambini, na watu walivuta tumbaku ya kusokota. Tukawa na utaratibu wetu. Ukurasa nikishausoma naung'oa, anapewa mvutaji, naye ananiacha nisome kwa raha. Ila kabla ya kuwasha aliniuliza, "Karani, hii ninayoivuta inasemaje?" Namsimulia. Kwa hiyo riwaya zile tulizimaliza pamoja, mimi kwa macho na wao kwa mapafu.

Kisha yakanipata. Nilipeleka nati kwenye korona, mtambo wa kukamua majani ya mkonge, na bomba la maji machafu likafumuka mbele yangu. Maji ya mkonge yaliniingia macho yote mawili. Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha alinikamulia maziwa yake machoni, kama tulivyozoea kufanya, nami namshukuru mpaka leo, lakini hayakutosha. Hospitalini Korogwe daktari aliniambia jicho la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata. Alisema nisisome chochote. Nilimuuliza limebakiza siku ngapi. Akaniambia nirudi wiki ijayo.

Nilirudi kambini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilichojua duniani ni kusoma na kuandika. Nilibakiwa na kitabu kimoja ambacho sijakimaliza, na nikaapa nikimalize kabla ya giza. Sikuwa na ombi jingine kwa Mungu.

Hicho ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Kilikuwa na mpishi! Jua la watu fulani linazimika, wanatuma chombo kikaliwashe, na makapteni wote wanakufa kwa homa njiani. Anabaki mpishi peke yake, mtu ambaye hajawahi kugusa usukani, na nyumbani ana mama mgomvi anayemngoja kwenye baridi. Nilisoma nimeketi juani, kitabu kikigusa pua. Sikung'oa tena kurasa, maana kila dakika ya jicho lile niliionea uchungu. Niliweka uzi wa mkonge pale nilipofikia.

Mama alikuja kutoka Mazingara kuniuguza. Alikuwa msomaji hodari wa Kurani, pengine kuliko wanaume wengi wa kijiji chetu, ila herufi za Kizungu hakuzijua. Wavutaji walikuwa wakilalamika mlangoni kila siku. Asubuhi ya kurudi hospitali nilimwambia, "Mama, wakija wape za mwanzo. Hizo nimeshazisoma. Usipite huu uzi."

"Hakina jina la Mungu ndani?" akauliza. "Nisije nikachomesha jina la Mungu."

"Hakina, mama."

Walinilaza siku tatu. Niliporudi, jicho la kushoto lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kupitia gunia. Nikaketi juani, nikashika uzi, nikaendelea. Ukurasa mmoja ulinichukua muda wa kuchemsha maharage. Mpishi alifika kwenye jua lile, akashika usukani kwa mikono miwili, taa za chombo zikazimika. Nikafunua. Hapakuwa na kitu. Nikapapasa, nikadhani ni jicho, nikapapasa tena. Uzi ulikuwa pale pale. Nyuma yake kurasa zote nilizosoma zilikuwapo, mbele yake hakuna hata moja.

"Mama, umetoa zipi?"

"Za mwanzo, kama ulivyosema."

Akachukua kitabu, akanionyesha kwa mkono wake. Alikifungua kutoka kulia, kama msahafu unavyofunguliwa, kama alivyofundishwa chuoni akiwa msichana. Upande wa kushoto, jalada na kurasa za jina la kitabu nilikwisha kuzing'oa mwenyewe zamani. Jalada pekee lililobaki lilikuwa la mwisho, nalo kwake ndilo la mwanzo.

Nilimfokea mama yangu. Sikuwahi kumfokea kabla, wala baada. Nilimwambia ameniua. Nilimsikia akikaa chini polepole, akirudia, "Mimi nimesoma, mwanangu. Mimi nimesoma," huku akilia.

Jioni ile alikuja mkata mkonge mmoja, mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia. "Karani," akasema, "ile ya mwisho kabisa nadhani nimeivuta mimi."

Nilimshika mkono. Nilimuuliza aliona nini. Palikuwa na picha? Namba? Chochote?

Alifikiri sana. "Maandishi yalifika nusu," akasema. "Chini palikuwa peupe."

Mpaka leo sijui zaidi ya hapo. Siwezi hata kukitafuta, maana jina lake sikulishika, na fundi mkuu alikwisha kwenda kwao. Binti yangu, mwalimu, ndiye anayeandika haya ninayoyasema. Amewahi kuulizia madukani, wakamuuliza jina la kitabu.

Siku ile, mkata mkonge alipoondoka, mama alikuwa bado amekaa sakafuni. Niliona kivuli chake tu, na baada ya siku chache hata kivuli sikukiona.

"Kitabu kilikuwa kinasemaje?" akaniuliza, kama walivyouliza wavutaji.

Nikamsimulia habari za mpishi, tangu homa mpaka taa kuzimika.

"Halafu?"

Nikapapasa ule uzi. Akanigusa goti. "Na mama yake? Alimwona tena?"

"Alimwona," nikasema. "Jua liliwaka, akarudi, mama yake akamwona, naye akamwona mama yake vizuri kabisa."

Mama akamshukuru Mungu, akanyanyuka kwenda kunipikia. Ule ndio mwisho mbovu kuliko yote niliyowahi kukutana nayo, na niliutunga mimi.