Rupia Niliyoisugua kwa Majivu

Juzi mjukuu wangu aliniletea jalada jipya la Biblia, la plastiki laini. Nilipolifungua, harufu yake tamu na nzito ilinirudisha Kaloleni, miaka ya sabini, na jioni ile sikuweza kusoma.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara. Starehe yake ilikuwa sarafu kumi na saba za zamani ndani ya mkebe wa biskuti. Nyingi zilikuwa senti za shaba zenye tundu katikati, na moja ilikuwa rupia ya fedha, nyeusi kama tako la sufuria. Kila moja aliivisha bahasha aliyoikunja mwenyewe kwa karatasi nyeupe ya daftari. Gazeti alilikataa, alisema wino huuma. Jumapili baada ya ibada alizitoa, akazishika kwa ukingo tu, kama mtu anayeshika kidonda cha mwenzake, kisha akazirudisha. Rupia ilikaa mkononi muda mrefu kuliko zote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipolazwa kwa ugonjwa wa kifua. Siku ya kuondoka alinipa mkebe.

"Nitunzie, mama," akasema.

Masika yalipoanza, paa likavuja na bahasha zikalowa. Nikaona karatasi haifai. Kwetu, chombo kilichotunzwa ni chombo kinachong'aa. Mama alizoea kusema kwamba sufuria chafu humtangaza mwenye nyumba. Basi nikachukua majivu na ndimu, nikaenda bombani, ambako jirani yetu Mama Akinyi alikuwa akijaza ndoo.

"Ebu muone huyu! Leo kwenu mnapika pesa?"

"Naosha za Baba."

"Basi weka na chumvi, zisikolee ndimu tu!"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka, huku nikisugua mpaka vidole vikawaka. Rupia ilinitoa jasho, lakini weusi wake wote uliisha. Nikazifunga kwa vipande vya plastiki laini, masalio ya ile ya kufunikia meza, nikazikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili maji yasipenye. Kila siku nilimwomba Mungu amponye Baba. Halafu, Bwana anisamehe, niliongeza: arudi upesi aone kazi yangu.

Alirudi baada ya miezi mitano, amebaki mifupa na macho. Hata hajaketi vizuri, nikamletea mkebe. Plastiki ilikuwa imetoa jasho la kunata. Shaba zilikuwa zimeota utelezi wa kijani, na rupia ilikuwa na mstari mweusi pale mpira ulipoikaza. Kwingine ilikuwa nyeupe, tupu. Baba aliigeuza, akaigeuza tena, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Mama alipoinuka kunikabili, Baba alimzuia kwa mkono.

"Nilimwambia atunze," akasema. "Sikumwambia namna."

Akaomba daftari. Akanifundisha kukunja bahasha, moja baada ya nyingine, mpaka zikatimia kumi na saba. Tulimzika kabla ya Krismasi.

Miaka mingi ilipita kabla shangazi hajanieleza. Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya Wazungu, Baba akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Mwenzake wa huko vitani ndiye aliyeileta ile rupia. Aliikuta imefumbatwa kiganjani mwa Babu alipokufa. Baba hakuwa na picha ya baba yake, wala kaburi la kwenda kupalilia. Alikuwa na ule weusi. Ndiyo sababu alishika ukingo tu, ili jasho lake lisifunike la baba yake.

Namshukuru Mungu kwa baba aliyenyamaza ili mtoto wake alale. Jalada nimemrudishia mjukuu kwa upole. Rupia ninayo bado, ndani ya karatasi nyeupe. Imeanza kuingia weusi tena, polepole, lakini huu ni wa hewa tu.