Mgongo wa Fundi

Fundi magari wa pale mtaa wa Bagamoyo, si ule mji wa pwani, hapendi kuangaliwa akiwa kazini. Ukimsogelea anakupa mgongo, ukizunguka upande wa pili naye anazunguka. Kila kifaa anakipeleka karibu na pua kama anayekinusa, kisha anakipapasa kwa kidole gumba. Siku ile Korola yangu kuukuu ilikuwa imechemsha kwenye mlima wa Lufingo, na kesho yake nilitakiwa kumpeleka mama hospitali Mbeya. Akasema feni ya rejeta haizunguki, kaboni za mota, vile vipande vya kupitishia umeme, zimeisha. Akaichomoa mota, akaingia nayo ndani. "Subiri hapo hapo, dada." Nikajua tu kwamba anakwenda kunibadilishia kwa mota mbovu. Nikanyata hadi mlangoni.

Alikuwa amekaa dirishani, mota yangu ileile mapajani, macho ameyafumba, vidole vikitafuta pa kuingizia kaboni mpya. Kaboni ikamponyoka, ikaangukia karibu kabisa na kiatu chake. Akapiga magoti, akapapasa sakafu huku na huko bila kuiona. Niliiokota nikamwekea kiganjani. Akashtuka.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Sasa hivi tu, fundi."

"Wateja wakijua, dada, nitakula wapi?"

Nilichuchumaa nikamshikia springi mpaka kaboni ikakaa, akairudisha mota garini, na feni ikazunguka vizuri. Kesho yake tulifika Mbeya salama, lakini njia nzima mama alipozungumza nilimwitikia tu, macho yangu yakiwa kwenye mshale wa joto la injini.