Anayevaa Lipiko

Kila asubuhi, kabla hajashika tezo, mchongaji hulinusa gogo la mpingo, kisha hulipiga kofi dogo kama mtoto aliyechelewa kuamka. Hapo kwenye soko la vinyago la Mwenge amewachongea watalii twiga na simba miaka nenda rudi, bila kunung'unika. Lipiko, kinyago cha ngoma ya jandoni kwao Newala, ni jambo jingine: anayelicheza huwa mzimu wa mababu, hajulikani, hata mkewe haambiwi.

Leo Brightson, mwenye duka, kaleta wageni waliotoka kupanda Kilimanjaro. "Shikamoo mzee. Vaa lile lipiko lako la ukutani, cheza kidogo, halafu vua wapige picha na sura yako."

"Marhaba. Nivue mbele za watu?"

"Kwani nini? Hawa hawajui ishu za Kimakonde."

"Mie nazijua."

"Mzee wangu, utalii ndio huu!" Brightson akalitungua, akalivaa, akatikisa kiuno, akalivua akicheka. Kamera zikalia.

Mchongaji akaweka tezo chini. "Umewavua nguo babu zangu sokoni, kijana."

Akampokonya lipiko, akalifunga kwa shati lake, akaondoka kifua wazi. Twiga aliyekuwa akimchonga alibaki shingo bila kichwa, maana mwenyewe hakurudi tena.