Majani Tuliyoyakata Juu ya Kijiji

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo chakula kinanishinda. Juzi nilipita Nshambya nikaona umechimba msingi wa nyumba yako bondeni, palepale maji yanapopita masika, na mfereji wa watu umeufukia ili upate uwanja. Nilirudi nyumbani bila kukusalimia. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, basi kaa uisikie.

Enzi za ujamaa tulitolewa kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya baba zetu, tukapelekwa rweya, ile nyika ya majani chini ya milima ya Kamachumu. Mimi nilikuwa katibu wa kijiji kipya. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimesoma mpaka darasa la nane, na nilijiona nimemaliza elimu yote ya dunia. Nyumba nilizipanga mwenyewe kwa kamba, zikanyooka kweli. Safu ya mwisho ilikaa kwenye kijibonde ambacho nyasi zake zilikuwa zimelalia upande mmoja, kama zilizolazwa na maji. Nililiona hilo, nikalipuuza. Katika safu hiyo nikampa nyumba dada yangu Kokugonza, aliyekuwa na mtoto mchanga wa kike, kwa sababu palikuwa karibu na kisima.

Tukaambiwa mkubwa kutoka wilayani anakuja kukagua shamba letu la migomba. Unatujua sisi Wahaya: kibanja kisichotandazwa majani ni aibu, na mgeni hakaribishwi kwenye sakafu tupu. Nikaamuru majani yote ya mteremko wa juu yakatwe, tutandaze shambani na katika kila nyumba. Ta Rwegoshora, mzee wa ukoo wetu, akanifuata na mkongojo wake.

"Mwana wange, acha ukanda wa majani huko juu. Na kesho ni siku ya kuchimba makinga maji, usiifute."

Nikamjibu mbele ya watu, "Mzee, hayo ni mambo ya zamani. Kesho tunafanya mazoezi ya nyimbo za kumpokea mgeni." Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mkubwa mimi.

Mgeni akaja, akasifu, akaondoka. Siku ya pili yake, mchana, watu tukiwa shambani, mvua kubwa ikapiga mlimani. Mteremko ulikuwa mtupu kama kichwa kilichonyolewa, hapakuwa na cha kuyashika maji. Yakashuka na udongo na miamba, yakafuata kijibonde chao, yakabomoa safu ile nzima. Kokugonza alikuwa amekwenda kisimani mara moja, mtoto kamwacha amelala ndani. Tulichimba tope kwa majembe, kisha kwa mikono tukiogopa kumuumiza. Tulimpata kabla ya jua kuzama, amekwisha kufa.

Msibani kila mtu alisema ni kazi ya Mungu. Nami nikadakia upesi, "Ndiyo, kazi ya Mungu." Ta Rwegoshora akasimama, akaninyooshea mkongojo.

"Usimsingizie Mungu! Mungu alileta mvua. Majani uliyakata wewe."

Dada yangu alinigeuzia mgongo. Ilipita miaka mingi kabla hajaniita kaka tena.

Baada ya matanga tuliihamisha safu ile. Tukachimba makinga maji kukata mteremko, tukaacha majani yaote juu, tukapanda na miti. Tukakubaliana kwamba mlima ukianza kunguruma, ngoma ipigwe na wote wapande kwenye kilima cha shule. Masika yaliyofuata ilinyesha mvua kubwa kuliko ile, maji yakapita pembeni yetu. Makinga maji yale tuliyachimba kwa siku nne. Siku nne tu, mwanangu! Yule mtoto leo angekuwa na wajukuu. Ndiyo maana nikisikia kijana anasema mafuriko ni bahati mbaya, damu inanichemka.

Sasa nisikilize, sitarudia. Mfereji ulioufukia, ufukue kwa mikono yako kabla ya masika. Msingi uhamishe, upande juu, hata kama uwanja utakuwa mdogo. Usiuache mteremko ulio juu ya nyumba za watu ukiwa mtupu. Waite majirani mpange siku ya kazi, mkubaliane nani atatoa ishara na watoto watakimbilia wapi. Na mtu mzima akikuambia maji yalipita hapa, muulize yalifika wapi. Usimcheke.

Mungu akujalie nyumba kavu na watoto wengi, na mvua ikikatika uwahesabu wote wakiwa wazima. Akuepushe na msiba wa kujitakia, nisije nikasimama mbele ya jeneza dogo nikalazimika kukuambia niliyoambiwa mimi.