Kamusi Mpya ya Baba

Nyumbani kwetu Buruburu, kila Jumapili baada ya kanisa na chakula cha mchana, tulicheza mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza kwa vibao vya herufi. Tulikuwa watatu: baba, mama na mimi. Aliyeshika mkia aliosha vyombo. Baba, karani mstaafu wa reli, alikuwa hajawahi kuosha hata kijiko. Sinki tulipokezana mimi na mama, na iliniudhi, maana mzee alitushinda kwa maneno ambayo hata yeye hakuyatumia popote.

Mwamuzi ilikuwa kamusi yake kuukuu. Neno likikosekana humo, basi, si Kiingereza. Mwaka jana akagundua kamusi ya kwenye simu, inayoongezwa maneno mapya kila mara, akaipokea kwa pupa. Akatuhubiria kwamba Kiingereza kimekuwa kikubwa hivyo kwa sababu hakina haya. Kinaokota maneno kwa kila jirani na kuyafanya yake. Kisha akaendelea kututwanga kwa maneno mapya.

Jumapili moja nilibahatika kupata herufi nzuri nikaongoza. Baba alikuwa wa pili, mama mkiani, na zamu ya mwisho ilikuwa ya mama. Akapanga vibao vyake polepole, vyote, hadi kikabaki kishikio kitupu. Ubaoni palisomeka: sufuria.

Baba alicheka kwa huruma. "Mama, hilo si Kiingereza. Hilo ni la jikoni kwetu."

"Uliza simu yako," mama akasema.

Baba akaliandika kwenye simu. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Neno lilikuwemo, na maelezo kwamba ni Kiingereza cha Afrika Mashariki. Nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Furaha yangu ilikuwa ya uchokozi mtupu na siionei haya. Baba alijaribu kujitetea, lakini mama akamrudishia mahubiri yake yote kuhusu lugha isiyo na haya, taratibu, kwa sauti ileile ya mimbarini. Pointi zikamvusha mama, baba akabaki mkiani.

Akakunja mikono ya shati lake la kanisani, akaingia jikoni. Tukasikia makabati yakifunguliwa na kufungwa, moja baada ya jingine.

"Sabuni inakaa wapi?" aliuliza.

Nikainuka. Mama akanishika mkono, akanirudisha kitini huku akicheka.

"Kaa. Nyumba ni yake, mwache aijue."